Ninahamia ng'ambo: nifanye nini na majivu ya mbwa wangu na kaburi la paka wangu?

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Mimi na mume wangu tunajiandaa kuhamia ng'ambo kwa sababu ya kazi yake, na kwa jinsi mambo yalivyo hatutarajii kurudi kuishi katika nyumba hii, kwa kuwa imekwisha kupata mnunuzi. Maandalizi mengi ya safari yanakwenda vizuri. Kinachoninyima usingizi ni kabati dogo la chumbani, ambamo nimehifadhi vitu vya wanyama watatu niliowafuga kwa nyakati mbalimbali na ambao wote wamekwisha kufa.

Wa kwanza ni Jabali, mbwa aliyekuwa na uzito wa zaidi ya kilo 20, ambaye mwili wake ulichomwa na majivu yake nikakabidhiwa katika chombo kizito cha chuma chenye jina lake, ambacho mfuniko wake umebanwa kwa gundi. Wa pili ni Pamba, paka mweupe, ambaye amezikwa uani chini ya mti. Kwake nimebaki na mkanda wa shingoni wenye kengele, ambao upande wa ndani, penye mshono, bado umenasa nywele zake fupi. Nina kifungu cha manyoya niliyoyatoa kwenye kitana katika wiki zake za mwisho. Na nina kibao cha udongo wa mfinyanzi tulichomkanyagisha ili alama ya wayo wake ibaki. Wa tatu ni Chiriku, kasuku wa kijivu niliyemrithi kutoka kwa mama yangu, ambaye ameniachia manyoya machache mekundu ya mkia, niliyokuwa nikiyaokota chini ya tundu lake kila alipoyapukutisha.

Mume wangu ni mtu mwema, na Jabali alikuwa akilala miguuni pake kila jioni. Hata hivyo anasema kwamba uzito wa mizigo tulioruhusiwa ni mdogo, kwamba watu wa forodha watatushuku tukikutwa na unga usioeleweka, na kwamba waliokufa hawahami. Juzi alipendekeza majivu yamwagwe uani karibu na Pamba ili jambo hili tulimalize hapo. Nilikasirika, kisha nikaona aibu kwa kukasirika, kwa sababu sikuweza kumweleza ni kwa nini chombo cha majivu kipewe nafasi ambayo tumevinyima vitabu na vyombo vyetu.

Ninakuomba unisaidie katika mambo matatu. Je, vitu hivi vinaruhusiwa kuvuka mipaka, au nitanyang'anywa uwanjani mbele ya watu? Je, nimfukue Pamba niondoke naye, maana siwezi kuvumilia kufikiri kwamba mwenye nyumba mpya atachimba msingi juu yake bila kujua? Na je, ni kweli nina utoto, kama rafiki yangu mmoja alivyoniambia, kwa kuwalilia wanyama wakati wapo watu wanaohama wakiacha nyuma makaburi ya wazazi wao?

Ni mimi,
Mwenye Kabati Dogo

JIBU

Dada yangu,

Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kuyaharibu mengine yote: mtu anayeona aibu kwa alichobeba hukificha, na kitu kilichofichwa ndicho kinachonyang'anywa. Huna utoto. Uliwalisha viumbe hawa kila siku kwa miaka, ukawaamkia usiku walipougua, ukawa nao hadi mwisho. Aliyeacha kaburi la mzazi ana huzuni yake nawe una yako, wala hakuna anayepunguziwa kitu kwa sababu mwenzake naye analia. Tena si ajabu kwamba kuhama kumeliamsha jambo ulilodhani limetulia. Mnyama wa nyumbani hukumbukwa hasa na nyumba yenyewe, kwa maana ya pembe aliyopenda kulala, mlango alioukwaruza, sauti ya kengele upande ule wa ukumbi; na sasa vyote hivyo unaviacha kwa siku moja. Kutaka kuondoka na kitu cha kushika mkononi ni haki yako.

Hukutaja nchi unayohamia, na sheria zinatofautiana, lakini maswali ya maafisa wa mipakani yanafanana karibu kila mahali. Hawataki kujua kitu kina thamani gani kwako. Wanataka kujua kimetokana na nini, kama kinaweza kubeba ugonjwa au wadudu, na kama kinagusa sheria za wanyamapori. Ukikitazama kila kilichomo kabatini kwa macho hayo, utaona mapema kipi kitapita kirahisi na kipi kinahitaji karatasi.

Majivu ya Jabali ni mepesi kuruhusiwa, ila chombo chake ndicho kitakachokusumbua. Mwili unapochomwa katika tanuri la kazi hiyo, kwa joto linalokaribia nyuzi 800 za Selsiasi au kuzidi, nyama na mafuta huteketea kabisa, na kinachosalia ni madini ya mifupa, hasa fosfati ya kalsiamu, ambayo husagwa hadi yakawa unga wa kijivu. Hakuna kijidudu kinachopona katika joto hilo, na ndiyo sababu majivu hayatiliwi shaka kubwa kwa upande wa magonjwa. Kikwazo ni mashine ya eksirei, ambayo haioni vizuri kupitia chuma kizito, jiwe wala kauri nene. Katika viwanja vya ndege vya Marekani, kwa mfano, wakaguzi hawakifungui chombo cha majivu hata abiria mwenyewe akiwaomba, kwa kuheshimu aliyekufa. Picha isiposomeka, chombo hakipiti. Kwa hiyo hamishia majivu katika kasha la plastiki, la mbao nyepesi au la karatasi ngumu, yakiwa ndani ya mfuko imara uliofungwa vizuri, na chombo cha chuma kisafiri kitupu na mizigo mingine, ili mkikutanishe na majivu mtakapofika. Mfuniko usiubomoe kwa bisibisi nyumbani. Wapelekee waliokukabidhi chombo hicho uwaombe wakufungulie.

Ukiwa kwao, omba pia cheti cha kuchomwa kama huna, kikitaja kwamba aliyechomwa ni mbwa, jina lake, tarehe ya kuchomwa na mahali. Karatasi hiyo moja ndiyo inayougeuza ule unga usioeleweka, anaouhofia mume wako, kuwa kitu chenye jina. Ibebe pamoja na kasha, na kama haiko katika lugha inayofahamika uendako, tafuta tafsiri yake iliyothibitishwa.

Kuna jambo la kiasi pia. Mbwa wa kilo 20 huacha majivu yanayokaribia mililita 700, na Marekani unga unaozidi mililita 350 katika begi la mkononi huweza kuzuiwa kwa ukaguzi wa ziada. Mimi ningekushauri uyagawe. Sehemu ndogo, inayoenea kiganjani, isafiri nawe, na sehemu nyingine imwagwe pale Jabali alipopenda kukimbia, mume wako akiwa pamoja nawe. Wako watu ambao hawawezi kabisa kuyatenganisha majivu, na kama wewe ni mmoja wao, yabebe yote bila kujilaumu. Andaa tu muda wa kutosha uwanjani. Ninachokusihi usikubali ni kuyamwaga yote kwa haraka ili kumaliza ubishi, kwa kuwa huo ni uamuzi usiorudishika, na mtu aliyeufanya kwa kushurutishwa huubeba moyoni muda mrefu kuliko ambavyo angebeba kasha.

Manyoya ya Pamba yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hayakupita kwenye moto. Nywele za mnyama ni zao la mnyama, na nchi zenye ulinzi mkali wa kilimo, kama Australia na New Zealand, zinamtaka kila abiria ataje katika fomu ya kuingia nchini kila kitu kinachotokana na mnyama, mmea au udongo. New Zealand humtoza faini ya papo hapo ya dola 400 za huko mtu asiyetaja kitu cha hatari alicho nacho. Anayetaja hukaguliwa, na mara nyingi huruhusiwa kuendelea, au huelezwa namna ya kukisafisha kitu hicho. Kwingine sheria inawatazama watu wa hali yako kwa jicho la huruma: Marekani, ambayo mwaka 2000 ilipiga marufuku biashara ya manyoya ya mbwa na paka, iliandika katika sheria hiyohiyo kwamba marufuku haimhusu mtu anayemsafirisha mnyama wake mwenyewe aliyekufa, hata aliyekaushwa na kuhifadhiwa, ili mradi si kwa biashara. Umoja wa Ulaya nao una marufuku ya namna hiyo, iliyopitishwa mwaka 2007 kwa kulenga biashara, na kama unaelekea huko waandikie watu wa forodha mapema uwaeleze kwamba ni kifungu kidogo cha kumbukumbu.

Kabla ya hayo yote, yaoshe. Yaweke kifungu chote ndani ya chujio la kitambaa, uyatumbukize katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, uyasuuze bila kuyasugua ili yasigandamane, kisha uyaanike kivulini kwa siku kadhaa hadi yakauke kabisa, maana unyevu ukibaki yataota ukungu safarini. Halafu yatie katika mfuko unaoonyesha kilichomo ndani na uuandike: manyoya ya paka wa nyumbani, yameoshwa. Najua pengine utaogopa kwamba kuyaosha kutaondoa harufu yake, na hofu hiyo ina msingi; itaondoka. Kwa ajili hiyo ule mkanda wa shingoni usiuoshe wote. Uufute upande wa nje, uhakikishe hauna udongo wala mbegu za nyasi, na zile nywele chache zilizonasa penye mshono ziache zilivyo, ukizitaja pamoja na manyoya mengine. Afisa akisema mkanda lazima uoshwe, utauosha mbele yake na utaondoka nao.

Kibao cha wayo hakitakusumbua kama kilichomwa tanurini hadi kikawa kigumu kama kigae. Kama kilikaushwa kwa hewa tu, huweza kuchukuliwa kuwa udongo, tena huvunjika kwa urahisi. Mpelekee mfinyanzi akuambie kama kitastahimili tanuri. Asipokuwa na uhakika, msikijaribu. Kipige picha yenye mwanga wa upande ili mashimo ya vidole yaonekane, uandike vipimo vyake, kisha ukisafirishe kikiwa kimezungushiwa nguo laini pande zote.

Unyoya wa Chiriku ndio mgumu kuliko vyote, ingawa ndio mwepesi kuliko vyote mkononi. Kasuku wa kijivu analindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kwa kifupi kama CITES, na tangu Januari 2017 yuko katika orodha ya kwanza, ambayo ndiyo kali zaidi. Mkataba huo haumhusu ndege mzima peke yake. Unahusu pia sehemu zake, na unyoya uliopukutika wenyewe bila ndege kuumizwa huhesabiwa kuwa sehemu. Kumbukumbu binafsi za nyumbani zimewekewa nafuu fulani, lakini nafuu hiyo ina masharti, na nchi nyingine zimeweka sheria kali kuliko mkataba wenyewe. Usiyabebe manyoya hayo kwa kubahatisha. Iandikie mamlaka ya wanyamapori ya nchi unayotoka na ya nchi unayokwenda, ueleze umempataje ndege huyo, uambatanishe karatasi yoyote ya mama yako inayoonyesha kwamba alimmiliki kihalali, na usubiri jibu la maandishi. Jibu likichelewa, au likiwa hapana, mwachie manyoya hayo ndugu anayemkumbuka mama pamoja nawe, ambaye naye alimsikia Chiriku akiongea. Usisahau kwamba sauti haina kibali: kama kuna rekodi ya kasuku huyo katika simu ya mtu yeyote wa familia, itafute sasa, na uihifadhi katika sehemu zaidi ya moja.

Sasa nije kwa Pamba mwenyewe. Ninaelewa kwa nini wazo la msingi wa nyumba linakutesa, lakini ninakuomba usimfukue kwa lengo la kusafiri na mifupa. Mifupa iliyotoka ardhini ina udongo na mabaki yasiyopita motoni, na ndiyo mizigo ambayo maafisa wa karantini wana sababu nzuri ya kuikataa. Udongo wa kaburi nao usiuchukue, hata kijiko kimoja, kwa sababu Marekani, Australia na nchi nyingine nyingi haziruhusu udongo kuingia bila kibali maalumu. Ndani yake mna mayai ya minyoo na kuvu ambavyo huweza kuangamiza mashamba ya watu wasiokujua. Njia ya halali yenye uhakika zaidi ya kuondoka na mwili wake ni kuufukua na kuuchoma ili uwe majivu, kama patapatikana tanuri litakalokubali mabaki yaliyokwisha kuzikwa. Inawezekana. Ila fikiri kwanza kuhusu utakachokiona ukifukua, maana baada ya hapo ndicho utakachokumbuka badala ya paka mweupe uliyemzika, na wapo waliojuta kwa sababu hiyo tu.

Mimi naona ni afadhali aachwe alipo, na kinachokutesa kikabiliwe moja kwa moja, yaani zungumza na mnunuzi. Mweleze kwa maneno machache kwamba chini ya mti ule amezikwa paka, na mwombe, kama hana mpango wa kujenga pale, asipachimbe. Hawezi kufungwa na ombi hilo, lakini watu wengi huliheshimu jambo wakiambiwa kwa adabu, na hata asipoliheshimu, hutakuwa umemwacha Pamba pasipojulikana. Panga pia kuokota jiwe dogo pale juu, ulisugue kwa brashi na maji hadi chembe ya mwisho ya udongo itoke, ulikaushe, na ulitaje mpakani kama vitu vingine. Jiwe safi lina nafasi kubwa ya kuruhusiwa kuliko udongo.

Kuhusu namna ya kubeba, kasha la majivu, mkanda na manyoya visipakiwe katika mabegi yanayokwenda chini ya ndege, wala katika kontena la melini, ambalo hukaa wiki nyingi katika joto na unyevunyevu. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unalitwika shirika la ndege wajibu wa kufidia begi lililopotea, tena kwa kiwango chenye ukomo, na fidia hiyo haitakuletea nywele za Pamba. Waulize shirika lenu kwa maandishi kama majivu yanaruhusiwa mkononi, kwa sababu baadhi ya mashirika hutaka kuarifiwa kabla ya siku ya safari. Na kama mnabadili ndege katika nchi ya tatu, sheria za huko nazo ziulizie.

Mume wako usimpeleke tena kwenye mjadala wa kama Jabali anastahili nafasi. Hapo hamtakubaliana, na nadhani yeye mwenyewe anakwepa kulia. Mpe kisanduku kimoja, cha ukubwa ambao mmekubaliana, kinachoingia ndani ya begi lako la mkononi, na umhakikishie kwamba chochote kisichoingia humo hakitasafiri. Kisha mwombe achague kitu kimoja cha kutia humo yeye mwenyewe. Mtu aliyelaliwa miguuni kila jioni ana cha kuchagua.

Mkubaliane pia, mkiwa bado nyumbani na hamjachoka, mtafanya nini kitu kimoja kikikataliwa mpakani: nani kati yenu atazungumza na afisa, kipi mtaomba kirudishwe kwa ndugu kwa gharama yenu, na kipi mtakubali kiharibiwe. Ukiwa umekwisha kuamua hayo, hutalazimika kuyaamua kwa machozi mbele ya foleni. Piga picha ya kila kitu kabla ya kufunga kisanduku.

Kwa kuwa vibali vya wanyamapori huchukua muda mrefu kuliko shughuli nyingine zote nilizozitaja, barua ya kuulizia manyoya ya Chiriku itangulie, na uiandike wiki hii. Mfuniko wa chombo cha Jabali na kuosha manyoya ya Pamba vinaweza kufuata wakati unasubiri jibu.

Wako,
Mshauri